Mwana wa Siku za Kazi

Hapo zamani za kale, na hizi ni zamani za kale hasa, siku zile wanyama wote walipokuwa wakivaa nguo na kuzichafua, palikuwa na dobi mmoja kando ya mto. Jina lake Mzee Kiboko. Msicheke. Nani mwingine angeweza kushinda majini kutwa nzima asipate mafua?

Juu ya banda lake alitundika kibao kikubwa kilichoandikwa hivi: KIBOKO NA WANAWE. TUNAFUA, TUNANYOOSHA.

Hao wanawe walikuwa wawili, Dimbwi na Tope. Dimbwi ndiye mkubwa, na kazi yake ilikuwa kulala majini. Tope ndiye mdogo, na kazi yake ilikuwa kumwangalia Dimbwi asizame. Kazi hiyo aliifanya akiwa amefumba macho. Wakiamka wanakula, wakishiba wanasema wamechoka.

Mtaniuliza, sasa nani alikuwa anafua?

Eee, hapo ndipo anapoingia Nguchiro.

Nguchiro alikuwa mdogo wa mwili, mwepesi wa miguu, na macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa pasi ya mkaa. Wazazi wake walichukuliwa na mafuriko angali mtoto, Mzee Kiboko akamchukua akamlea. Tusimnyime haki yake, alimpokea kwa mikono miwili. Ila mikono ile ile ndiyo iliyomkabidhi pasi, na tangu siku hiyo hajaiweka chini.

Kunakucha tu, chubwi! Nguchiro analoweka. Pwa! pwa! pwa! Anapiga nguo juu ya jiwe. Anakamua, anaanika, anaanua, anatia wanga, anapuliza mkaa, fuu! fuu! mpaka mashavu yanamuuma. Mzee Kiboko yeye hupita akikanyagakanyaga nguo majini, halafu anawaambia wateja, "Si mnaona? Biashara ya familia. Sisi tunafanya kwa upendo."

Ikifika saa ya kula, Mama Kiboko anapakua. Wali wa Dimbwi. Wali wa Tope. Ukoko wa Nguchiro.

"Mama, leo tena ukoko?"

"Mtoto wa nyumbani hachagui chakula, mwanangu. Kula upesi, pasi inapoa."

Basi siku moja, Jumanne asubuhi, akaja mteja na kanga moja tu mkononi, tena safi. Alikuwa Sikudhani, binti wa Mzee Chonge, nguchiro wa kule kwenye vichuguu. Nguchiro alipomwona, kibanio cha nguo alichokishika mdomoni kikaanguka.

"Hii kanga mbona ni safi?" akauliza.

"Ichafue mwenyewe halafu uifue," akasema Sikudhani kwa sauti ya chini. "Nilihitaji sababu ya kuja. Nguchiro, mambo yameharibika."

"Yameharibikaje?"

"Baba amechoka kungoja. Mahari ulituma kitambo, lakini wazee wako hawajaja hata siku moja kuzungumza. Kila ukitarajiwa hufiki. Amesema Jumamosi hii ndiyo ya mwisho. Uje na wazee wako mchana kweupe. Ukija peke yako kama mtu aliyepotea njia, hakupi mke. Na usipokuja kabisa, Jumapili ananiozesha kwa Kicheche."

"Kicheche! Yule anayeuza marashi?"

"Huyo huyo."

"Lakini Kicheche ananuka!"

"Ndiyo maana anauza marashi, huwa anaanza kujipaka yeye." Sikudhani akajaribu kucheka. "Nguchiro, mimi nitakungoja hadi Jumamosi jua likizama. Baada ya hapo sina la kufanya."

Akaondoka haraka. Nguchiro alibaki na ile kanga mikononi, na roho ilimuuma sana. Alimpenda Sikudhani kwa dhati. Alikwisha kuomba ruhusa mara nyingi aende vichuguuni, na kila mara alinyimwa. Mvua ikinyesha aliambiwa angoje mvua iishe, kwa sababu nguo hazikauki. Mvua ikiisha aliambiwa angoje vumbi litulie, kwa sababu nguo zinachafuka. Na nchi ile ilikuwa na majira mawili tu, mvua na vumbi.

Hata hivyo akajikaza. Akaenda ukingoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu! Kanzu ya Mzee Twiga imekauka?"

"Mpaka kiunoni, mzee. Ila nina ombi."

"Omba, mwanangu, omba! Hapa si kwako?"

"Naomba likizo. Jumamosi hii nataka kwenda ku..."

Chubwi! Mzee Kiboko akazama.

Hiyo ndiyo ilikuwa tabia yake. Neno asilolipenda likisemwa, huyo chini. Nguchiro akasimama akitazama mapovu. Bwl, bwl, bwl. Baada ya muda pua mbili zikatokeza, halafu macho.

"Ulisema nini? Maji yaliniingia masikioni."

"Nimesema likizo, mzee. Ninataka ku..."

Chubwi!

Alipoibuka mara ya pili alikuwa amekasirika. "Mama Dimbwi! Hebu njoo umsikie mtoto anavyotukana! Likizo! Neno gani hilo kuletwa nyumbani kwangu? Likizo ni ya wafanyakazi. Kwani hapa kuna mfanyakazi?"

"Hapana, mzee, lakini..."

"Kisome kile kibao."

"Kiboko na Wanawe."

"Wewe ndiye Kiboko?"

"Hapana, mzee."

"Basi wewe ni nani pale?"

Nguchiro akajibu polepole, "Na Wanawe."

"Enhee! Na mwana haombi likizo kwa baba yake. Umewahi kumsikia Dimbwi akiomba likizo?"

Hilo lilikuwa kweli. Dimbwi hakuwahi kuomba likizo hata mara moja, na hata wakati ule alikuwa amelala.

Kesho yake Nguchiro akaamua kuugua. Akajilaza chini, akajifunika gunia, akatetemeka. "Uuuwi! Mama, naumwa. Kichwa, mgongo, mkia, vyote. Naomba niende kwetu nikauguzwe."

"Kwenu wapi?" Mama Kiboko akashangaa. "Kwenu si hapa? Mgonjwa anauguzwa na mama yake, na mama yako si mimi? Pole sana, baba. Pole, pole."

Akamnyanyua kwa upendo mkubwa, akamlaza juu ya meza ya kunyooshea nguo, akamwekea pasi karibu na mkono. "Kaa hapo kwenye joto. Na kwa kuwa umekaa, nyoosha hivi vichache."

Hivyo vichache vilifika hadi kwenye paa.

Alhamisi Nguchiro akaona bora atumie uongo mzito. Akaja ukingoni ameinamisha kichwa, machozi yanamtoka. Machozi yalikuwa ya moshi wa mkaa lakini ni nani angejua?

"Mzee, nimepata msiba. Bibi yangu amefariki. Lazima niende kuzika."

Mzee Kiboko akashtuka kwelikweli. "Nani? Bibi yako? Amefariki?" Akageuka nyuma, akapiga kelele kuelekea kwenye kisiwa cha mchanga, "Mamaaa! Mama we! Ati umefariki?"

Pale mchangani alikuwa amejilaza kikongwe mkubwa, anaota jua. Akafungua jicho moja. "Nani kasema?"

"Mjukuu wako, Nguchiro!"

"Mwambie bado! Na aniletee gauni langu, ananiweka uchi mbele za watu!"

"Umesikia?" Mzee Kiboko akamwambia Nguchiro. "Bibi yako hajambo kabisa. Mimi ni baba yako, mama yangu ni bibi yako. Ulikuwa na bibi mwingine?"

Nguchiro alirudi bandani amenyong'onyea. Akashika pasi, akaanza kunyoosha kanzu ya Mzee Twiga, ambayo ukianza kuinyoosha asubuhi shingoni unafika miguuni jioni. Huku anafikiri. Yeye, baba yangu. Mama yake, bibi yangu. Wanawe, ndugu zangu...

Ghafla pasi ikasimama.

"Kumbe!" akasema. "Kumbe!"

Akaanza kucheka. Chii! chii! chii! Akacheka mpaka akashika meza.

"Una nini wewe?" Mama Kiboko akauliza kutoka jikoni.

"Furaha tu, mama! Nafurahi kuwa na wazazi!"

Mmeshaelewa? Kama hamjaelewa subirini.

Mchana ule akaja Bi. Kanga kuchukua nguo zake. Bi. Kanga alikuwa na nguo za madoadoa, na alikuwa bado hajaisahau siku Dimbwi alipoamka kidogo akajaribu kuyasugua madoa yatoke. Lakini alikuwa na sifa nyingine. Ukitaka habari ifike mbali, mwambie Bi. Kanga. Ukitaka ifike mbali zaidi, mwambie ni siri.

"Bi. Kanga," akanong'ona Nguchiro, "ninakwambia hili wewe tu. Ni siri kubwa."

"Mimi? Mimi ni kaburi, mwanangu!"

"Jumamosi Mzee Kiboko anamwoza mwanawe. Banda linafungwa, wateja wote wanakaribishwa. Lakini usimwambie mtu."

"Mwanawe yupi?"

"Yule anayempenda kuliko wote."

"Aaa! Ka-ka-ka-ka! Nimenyamaza! Ka-ka-ka-ka!" Bi. Kanga akaondoka mbio, akasahau hata nguo zake. Kabla vumbi lake halijatua, upande wa pili wa mto walikuwa wameshapiga vigelegele.

Wa kwanza kufika alikuwa Mzee Twiga. Akainamisha shingo yake yote kwa heshima.

"Mzee Kiboko, hongera! Nasikia unaoza!"

Mzee Kiboko akaganda. Akanusa kwapa la kulia. Akanusa la kushoto. "Ninaoza? Mimi? Nani kasema? Mama Dimbwi, njoo uninuse! Ati ninaoza!"

Mama Kiboko akaja akanusa. "Si zaidi ya siku zote."

"La, la, mzee mwenzangu," akasema Twiga, "unaoza mtoto! Harusi! Jumamosi. Nami nimeleta suti yangu ya sherehe, inyooshwe vizuri."

Mzee Kiboko akafungua kinywa aseme hapana, hakuna harusi yoyote. Lakini nyuma ya Twiga alimwona Nyati na koti. Nyuma ya Nyati alimwona Mbuni na magauni yake ya manyoya. Nyuma ya Mbuni palikuwa na foleni hadi kwenye njia panda, na kila mtu amebeba furushi la nguo za kuvaa harusini. Kinywa kile kikajifunga chenyewe, kikafunguka tena kikiwa na tabasamu.

"Ndiyo!" akasema. "Ndiyo, naoza! Karibuni! Leteni nguo!"

Baadaye akamvuta mkewe pembeni. "Mama Dimbwi, tunamwoza nani?"

"Unaniuliza mimi? Si wewe baba mtu?"

"Mimi nilidhani umepanga wewe na dada zako. Mambo ya harusi ni ya wanawake."

"Na mimi nilidhani umepanga wewe na wazee. Mambo ya kuposa ni ya wanaume."

Wakatazamana. Kisha wakazitazama zile nguo.

"Atakuwa Dimbwi," akasema Mama Kiboko. "Huyu hata akiwa ameposa hawezi kukumbuka."

"Basi nyamaza tusivuruge."

Wakanyamaza. Tena Mzee Kiboko hakunyamaza sana, kwa maana tamaa ilimpanda kichwani. Alisimama katikati ya mto akatangaza kwa sauti iliyotikisa matete, "Namwoza mwanangu! Mwanangu wa kumzaa, kipenzi changu! Atakayekuja na nguo chafu simkaribishi!" Waliokuwa hawajaleta nguo wakaenda kuzifuata.

Na nani alizifua zote zile? Nguchiro. Pwa! pwa! pwa! Hakulalamika hata kidogo. Aliimba. Mama Kiboko akasema, "Unaona? Ukimlea vizuri haombi likizo."

Jumamosi ikafika. Asubuhi na mapema umati ulikuwa umejaa ukingoni, kila mtu ameng'aa, ametiwa wanga mpaka hawezi kukunja kiwiko. Ngoma zikalia, ti-ti-ndi! ti-ti-ndi! Mbuni akapiga kigelegele kirefu. Mzee Kiboko alitoka amevaa koti ambalo vifungo vyake vilikuwa vimeshika kwa imani tu.

"Bwana harusi yuko wapi?" akauliza Mzee Twiga.

"Dimbwi!" akaita Mzee Kiboko. "Amka, unaoa!"

Dimbwi akainua kichwa majini. "Si mimi, baba. Mimi nimelala."

"Basi Tope!"

"Si mimi, baba," akasema Tope. "Mimi nilikuwa namwangalia Dimbwi."

Umati ukaguna. Mh! Jasho likaanza kumtoka Mzee Kiboko. Akamtazama mkewe, mkewe akatazama juu.

Hapo ndipo mlango wa banda ulipofunguka, kriii. Akatoka Nguchiro. Kanzu nyeupe, kofia imekaa sawa, viatu vinang'aa. Akaenda moja kwa moja mbele ya Mzee Kiboko, akapiga goti.

"Shikamoo, baba. Niko tayari. Nipeleke."

"Wewe?" Mzee Kiboko akatumbua macho. "Wewe nikupeleke? Kwani wewe ni nani? Wewe ni mfa... mfa..."

Neno likamkwama. Maana Mzee Twiga alikuwa ameinama, sikio lake limekuja karibu kabisa. Nyati naye ameinama. Bi. Kanga amesimama kwa vidole.

"Ni mfa nini, mzee?" akauliza Twiga. "Miaka yote umetuambia huna mfanyakazi hapa. Ulisema huyu ni mwanao. Ndiyo maana hatukuwahi kuuliza kwa nini hapumziki."

"Sema tu, baba," akasema Nguchiro kwa adabu kubwa. "Mimi ni mfa nani?"

Mzee Kiboko akameza mate, gulu! "Mfa... mfa... mfalme! Wewe ni mfalme wa leo, mwanangu! Bwana harusi si mfalme?"

"Ayaaa!" umati ukashangilia. Ngoma zikapigwa, safari ikaanza. Nguchiro mbele, Mzee Kiboko nyuma yake, Mama Kiboko akifuata na mapipa mawili ya usingizi, Dimbwi na Tope, wakiburuzwa na Nyati.

Wakafika kwenye vichuguu. Mzee Chonge alikuwa amekaa mkekani na ukoo wake mzima, na ukoo wa nguchiro, wanangu, hauenei mkeka mmoja. Pembeni alikaa Kicheche na chupa zake za marashi. Upepo ulipogeuka wote waliziba pua. Sikudhani alichungulia mlangoni.

"Karibuni," akasema Mzee Chonge. "Desturi yetu ni fupi. Nina swali moja tu. Nani baba wa kijana huyu?"

Macho yote yakamgeukia Mzee Kiboko.

Moyo wa Nguchiro ukaenda mbio, du! du! du! Mpaka hapo alikuwa amecheka, lakini sasa hakucheka tena. Neno moja la Kiboko lingemnyang'anya Sikudhani mbele ya macho yake. Hakuwa na ujanja mwingine.

Mzee Kiboko alitazama kulia, akatazama kushoto. Alikuwa anatafuta maji azame. Kwenye vichuguu hakuna maji. Akatazama nyuma akawaona wateja wake wote, safi, wamenyooshwa, wanangoja.

"Nimeuliza," akasema Mzee Chonge, "nani baba yake?"

"Mimi," akasema Mzee Kiboko.

"Sikusikia."

"Mimi! Mimi ndiye baba yake!"

"Lololololooo!" Vigelegele vikaenda hadi mtoni. Kicheche akafungasha chupa zake. Nguchiro na Sikudhani wakaoana, na Nguchiro alilia mbele za watu bila aibu, na safari hii hapakuwa na moshi.

Mzee Kiboko alipoona shughuli imekwisha akajipangusa paji la uso. "Haya, mwanangu, hongera. Sasa twende, kesho kuna nguo."

"Nguo?" Mzee Chonge akashangaa. "Mkwe wangu, kuna fungate. Siku saba bwana harusi hashiki kazi. Kazi zake zinafanywa na ndugu zake wa kiume. Si ana ndugu?"

Watu wote wakageuka kuwatazama Dimbwi na Tope.

"Ndugu gani?" akauliza Dimbwi.

Loo! Msiombe kuyaona yaliyotokea bandani. Dimbwi alishika pasi, akaiweka juu ya suti ya Twiga, akalala. Tssss! Moshi! Suti ikapata dirisha. Tope alipewa kazi ya kutia wanga, akaonja, akaona ni uji, akaunywa wote. Koti la Nyati lilianikwa juu ya miiba. Nguo za Bi. Kanga zilirudi bila doa hata moja, na Bi. Kanga akalia barabarani kuwa amevuliwa ukoo wake.

Na hayo bado si mazito. Siku ya tatu Mzee Chonge akafika na ukoo wake wote, shangazi kwa wajomba, na vitoto visivyohesabika.

"Hodi, mkwe! Tumekuja kukujulia hali. Sisi sasa ni familia moja!"

Mtafanyaje na wakwe? Huwezi kuwafukuza. Huwezi kuwapa ukoko. Mama Kiboko akapika wali asubuhi, wakala. Akapika mchana, wakala. Wakamaliza mayai, wakamaliza samaki, wakasema chakula kitamu, na kwamba hawana haraka.

Mzee Kiboko akazama, chubwi!

Wakwe wakakaa ukingoni kwa heshima, mikono magotini. "Tutamngoja mkwe ainuke," akasema Mzee Chonge.

Bwl, bwl, bwl. Kiboko naye ana mapafu. Mwisho akaibuka, pwaaa! maji kila upande, akatoka mtoni mbio bila hata koti.

"Mkwe anakwenda wapi?" wakauliza.

Alikuwa anakwenda vichuguuni. Wakwe wakamfuata kwa adabu. Mzee Twiga na suti yake yenye dirisha akamfuata kwa hasira. Bi. Kanga na wateja wengine wakafuata ili wasipitwe.

Mzee Kiboko akafika, akapachika pua kwenye mlango wa kichuguu. Hakuweza kuingiza zaidi ya pua.

"Nguchiro! Toka!"

"Nani huyo?" sauti ikatoka ndani.

"Mimi!"

"Mimi nani?"

"Baba yako!"

"Aaa, shikamoo, baba. Samahani, mwana hatoki kabla fungate haijaisha. Mama hajambo? Wakwe walifika? Niliwaambia wasione haya, wakae hata mwezi."

"Mwezi!" Mzee Kiboko akapiga mguu chini, udongo ukaanguka. "Rudi kazini! Banda linaungua!"

"Ndugu zangu si wapo?"

"Si ndugu zako!"

"Baba!"

"Na mimi si baba yako! Sikukuzaa! Wewe si mwanangu, umesikia? Wewe ni mfanyakazi wangu! Mfa-nya-ka-zi!"

Nguchiro akatoa kichwa nje taratibu, usingizi mzuri bado uko machoni.

"Asante sana, mzee," akasema. "Ila hebu rudia kidogo. Bi. Kanga yuko nyuma, huenda hakusikia vizuri."

"Nimesikia! Ka-ka-ka-ka! Nimesikia yote!"

Mzee Kiboko akageuka, ndipo alipowaona wote waliosimama nyuma yake.

"Kwa hiyo ni mfanyakazi," akasema Mzee Twiga polepole, shingo yake ikishuka kutoka juu. "Kwangu mimi mfanyakazi anapumzika kila wiki, na likizo anaipata. Kwa Nyati vilevile. Huyu wa kwako amepumzika lini?"

Mzee Kiboko akaanza tena kutafuta maji.

"Na mimi nina swali," akasema Mzee Chonge, uso umekunjamana. "Ulisimama mkekani kwangu ukasema wewe ndiye baba. Leo unasema siye. Basi binti yangu nilimpa nani?"

Hapo Nguchiro akaacha kutabasamu. Lakini Sikudhani alishatoka nje, akasimama mbele ya mumewe.

"Baba," akasema, "mimi niliolewa na Nguchiro. Sikuolewa na kiboko."

Mzee Chonge akamtazama binti yake, akamtazama Kiboko kuanzia kwato hadi masikio, kisha akacheka mpaka meno yake yote yakaonekana. "Kweli, mwanangu. Hata mlangoni asingepita."

Ikaamuliwa pale pale, mbele za wateja, kwamba Nguchiro atapumzika kila wiki na kupata likizo kila mwaka, na atakula wali. Mzee Kiboko akaitikia kila jambo, maana wateja wote walikuwa wamebeba nguo zao zilizoharibiwa.

"Sasa utarudi lini?" akauliza kwa unyonge.

"Fungate ikiisha, mzee," akasema Nguchiro, akaingia ndani na mkewe, wakafunga mlango.

Mzee Kiboko akarudi mtoni kwa miguu yake mwenyewe, akawasha mkaa mwenyewe, akapuliza mwenyewe, fuu! fuu! mpaka macho yake yakawa mekundu.

Basi, wanangu, kisa kimefika mlangoni nami nakifungulia kiende: anayetaka kuitwa baba na akubali kuwa baba siku zote, si siku za kazi tu.